Barua ya wazi kwa shem wangu wa saiti: tango halibebi zege

Shem, za kazi. Najua hii utaisoma saa sita ukiwa umekalia mifuko ya simenti, sasa soma huku unatafuna na sio huku unawatolea macho wenzako, maana kaka yako kaniambia tangu daktari aseme sukari imeanza kupanda upunguze wanga, wewe unabeba tango, karoti na kipande cha tikiti, halafu saa nane miguu inatetemeka kwenye ngazi na ndoo ya zege iko begani. Jamani! Daktari alisema upunguze wanga, hakusema ufunge.

Na kabla sijafika kwenye kontena lako la chakula, hiyo miguu kutetemeka sijaipenda. Kama wamekuanzishia dawa, hasa vidonge vya kushusha sukari vya glibenclamide au sindano ya insulini, usikate ugali ghafla bila kurudi kliniki wakuangalizie dozi, sukari inaweza kushuka kupita kiasi ukaanguka kutoka huko juu ghorofani. Ukihisi unatetemeka, jasho la baridi, kizunguzungu, shuka, kaa chini, kunywa soda au maji yenye sukari hapo hapo. Hiyo ndio siku pekee soda nairuhusu, siku nyingine chupa moja ina sukari ya vijiko nane tisa vya chai na wewe ulikuwa unashushia chapati nayo kila saa nne.

Haya, chakula. Ukiondoa ule mlima wa ugali lazima pale uweke kitu kingine, na kinachokaa tumboni mpaka jioni ni protini, mafuta na mboga za majani nyingi. Tikiti ni maji na sukari, saa moja tu tumbo linaunguruma tena. Ningekuwa mimi ningeanza na dagaa wa Mwanza, watu wanawadharau bure, wakiwa wakavu zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini na hawahitaji friji. Toa vichwa, waoshe kwa maji ya uvuguvugu mara kadhaa mpaka mchanga usisikike chini ya beseni, wakaushe, kisha wapitishe kwenye kikaango kikavu moto mdogo mpaka waanze kugonga kikaango kama kokoto, ndio unatia mafuta, kitunguu, pilipili, ukizima unakamulia ndimu. Usiwatie nyanya kama unabeba, watalainika na wataanza kunuka kabla ya saa sita na huko mnapokula na wenzio hutapendwa.

Pembeni weka mayai mawili matatu ya kuchemsha, yabaki na maganda yake utamenya huko huko, na parachichi zima, usilikate nyumbani litageuka jeusi, beba kijiko tu. Kisamvu au matembele jaza bila aibu. Nazi ndio naiogopa, kwa joto la Dar mboga ya nazi inachacha mapema, kwa hiyo piga karanga badala yake. Siku ukichoka dagaa weka kibua wa kukaanga akauke vizuri, au firigisi. Na karanga za kukaanga mfukoni za saa nne, ila kiganja kimoja, karanga ukiachiwa pakiti unaimaliza hujui.

Ugali sijakunyima. Ngumi yako moja, na iwe dona. Wapo watakaokwambia dona haina wanga, waongo, unga wa mahindi wowote karibu robo tatu yake ni wanga, dona ina nyuzinyuzi zaidi basi, inakwenda taratibu. Wale wanaouza programu za kuacha wanga kabisa kwenye simu hawajawahi kuchanganya zege juani.

Chakula cha moto kiweke kwenye hotpoti, lakini kwanza mimina maji yanayochemka ndani, funika dakika tano, mwaga, ndio uweke mboga ikitoka jikoni inafuka moshi. Hotpoti ya baridi inanyonya joto lote, ukifika unakuta uvuguvugu na hapo ndipo vijidudu vinapozaliana. Maji kunywa sana, na chumvi kidogo kwenye mayai kama presha yako iko sawa, maana jasho linaiondoa na mwili ukipunguziwa wanga unakojoa maji na chumvi nyingi siku za mwanzo.

Siku umechelewa kuamka usione noma kwa mama ntilie. Mwambie ugali nusu, samaki mzima, mboga za majani mara mbili, maharage kidogo maana nayo yana wanga wake, na bei akuwekee ile ile. Atabisha kidogo halafu atakubali, ugali ukibaki kwenye sufuria ni faida yake, shida yako itakuwa fundi mkuu atakayeuliza kwa sauti kama unajinyima unataka kuoa.