Barua ya wazi kwa vijana wetu wa Melbourne mnaocheza mbele

Wanangu,

Salaam nyingi. Nawaandikia ninyi mnaocheza futiboli ya Australia, ule mpira wa umbo la yai unaodakwa kwa mikono na kupigwa kwa mguu, kama washambuliaji, watoto wa familia zilizopitia Kakuma, Bujumbura na Bukavu, ambao nyumbani bado mnawaamkia wazee kwa Kiswahili. Nimewatazama sana mkicheza, na jambo moja linanisumbua: mnajipima kwa magoli tu. Mechi ikiisha hujafunga, unaingia garini kichwa chini, hutaki hata maji.

Mshambuliaji anaishi kwa mpira wa wenzake. Unachomoka mbio, beki amekuganda mgongoni, halafu kiungo anapiga upande mwingine kabisa. Unarudi, unachomoka tena. Lakini mbio ile ya kwanza ilimvuta beki, na mwenzako akadaka mpira bila kuguswa na mtu. Hiyo ni kazi yako, na kocha anayejua mpira anaiona. Wala msisahau kukaba: beki akiponyoka na mpira katika eneo lenu la kushambulia, mita 50 kutoka goli la wapinzani, huku wewe unalalamikia pasi, hapo una deni.

Buddy mnamjua wote. Lance Franklin, ndilo jina lake, kijana wa Kinoongar, jamii ya Waaborijini, kutoka Dowerin, Australia Magharibi, alichaguliwa na klabu ya Hawthorn mwaka 2004 akiwa wa tano kwenye drafti, yaani zamu ya klabu za ligi kuu, AFL, kuchagua wachezaji vijana. Msimu wa 2008 alifunga magoli 113, na tangu hapo hakuna aliyefikisha 100 kwa msimu. Mnapenda kurudia video ya Machi 25, 2022, alipofunga goli la 1,000 akiwa na Sydney na maelfu wakamiminika uwanjani. Mimi nawaomba mtazame miaka ambayo haina video. Mwaka 2015, fainali zikikaribia, alijiweka kando kwa sababu ya afya ya akili, na klabu ikalisema jambo hilo hadharani. Mwaka 2020 hakucheza hata mechi moja, majeraha yalimshika msimu mzima. Angenyamaza na kulazimisha mwili na akili, sidhani kama goli lile la 1,000 tungeliona. Kwa hiyo ukiumia paja, mwambie daktari wa timu siku hiyohiyo. Ukikosa usingizi wiki nzima, sema, hata kama kwetu hatujazoea kuyasema haya. Njoo uniambie mimi, sitakuita dhaifu.

Aliye karibu nasi zaidi ni Mabior Chol, mzaliwa wa Sudan aliyekulia Brisbane. Alianza Richmond mwaka 2016. Klabu yake ikabeba kombe 2017, 2019 na 2020, naye hakuwa uwanjani katika fainali kuu hata moja kati ya hizo. Hebu fikirieni kufanya mazoezi na mabingwa kila siku, kisha siku kubwa unakaa jukwaani. Hakukata tamaa, akahamia Gold Coast na mwaka 2022 akafunga magoli 44. Baadaye akaenda Hawthorn. Mtu wa namna hii ndiye ningependa mumuulize maswali.

Kuhusu kupiga: ukishadaka mpira hewani unapewa nafasi ya kupiga bila kuzuiwa, na kwa goli una sekunde 30. Wengi wenu mnazipoteza kwa kutazama jukwaa. Chagua hatua zako, pumua, angalia kitu kimoja nyuma ya nguzo mbili ndefu, na ufanye vilevile kila mara. Jizoeze mwisho wa mazoezi miguu ikiwa imechoka, maana robo ya nne ndivyo itakavyokuwa. Mpira ukipita kati ya nguzo ndefu ni pointi 6, ukipita pembeni yake ni 1; tofauti hiyo huamuliwa hapo.

Ukitukanwa kwa rangi yako, mwambie nahodha na mwamuzi palepale. Ligi ina kanuni ya jambo hilo tangu 1995. Adam Goodes, mchezaji Mwaborijini wa Sydney, alizomewa viwanja kwa viwanja mwaka 2015, msimu wake wa mwisho, na wengi waliopaswa kusimama naye walikawia. Mwenzenu akitukanwa, msikawie.

La mwisho ni shule. Mama akikuuliza habari za masomo, usimjibu kwa drafti. Klabu ni 18 tu, na mkataba wa kwanza ni wa miaka michache. Atakayeona fomu za chuo zinamshinda azilete nyumbani jioni yoyote, tutakaa mezani tuzijaze pamoja.

Wasalaam,
Mzee wenu