Kabla ya kupiga Windows, someni kwanza kioo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji niwafikishie mafundi kompyuta wa hapa Dodoma, pamoja na sisi tunaowapelekea kazi, jambo ambalo limenigharimu fedha, muda na kazi ya muhula mzima. Jambo lenyewe ni mazoea ya kuipiga Windows upya, yaani kuufuta na kuuweka upya mfumo unaoiendesha, kila kompyuta mpakato inayofikishwa mezani, iwe inachelewa kuwaka, iwe inajizima katikati ya kazi, iwe haitoi sauti, bila fundi kuuliza swali hata moja kuhusu namna ugonjwa ulivyoanza.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule ya sekondari. Mwaka jana nilinunua kompyuta mpakato iliyokwishatumika, na kwa miezi kadhaa haikunisumbua isipokuwa kwa uvivu wa kuwaka. Nilikuwa naiwasha alfajiri, nabandika chai, chai inachemka na kutiwa maziwa, nami narudi kuikuta bado inazungusha vile vidoti vyake. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini. Akaiangalia kwa dakika mbili, akasema, "Mwalimu, hii imejaa virusi, tupige Windows tu." Nikakubali, kwa kuwa niliamini anajua anachokifanya. Jioni nilikabidhiwa mashine safi kama sahani iliyooshwa: maazimio ya kazi hayamo, mitihani niliyoitunga haimo, na alama za maendeleo za Kidato cha Pili, mikondo yote mitatu, hazimo. Hakuwa ameniuliza kama nina nakala mahali pengine, na kwa haki niseme kwamba nami sikuwa nimejiuliza.

Wiki moja ilikwenda vizuri. Ya pili uvivu ukarudi, na safari hii ukaja na mwenzake. Nilikuwa darasani nikiwaonyesha Kidato cha Tatu kwa projekta picha za Bonde la Ufa, ambalo tawi lake la mashariki lina mabaki yake kwenye bonde la Bahi, si mbali na hapa tulipo, mara kioo kikaganda, kikawa cheusi kwa muda mfupi, kisha ukuta mzima ukageuka bluu. Kijana mmoja wa nyuma akasema hatimaye bahari imefika Dodoma. Nilicheka nao, lakini jambo lile lilijirudia karibu kila nilipofungua picha au video, na mara moja nilipata akili ya kukipiga picha kioo kile kwa simu. Nilipomwonyesha fundi hakuitazama picha yenyewe. Alipiga Windows mara ya pili, akanitoza mara ya pili, na jioni ileile bluu ikarudi.

Aliyenisaidia ni mtoto wa mdogo wangu, anayesoma chuo hapahapa mjini, na alianza na swali ambalo fundi hakuliuliza: "Mama mkubwa, ile bluu iliandika nini?" Chini ya ile alama ya uso ulionuna kulikuwa na maneno VIDEO_TDR_FAILURE, na kando yake jina la faili, igdkmd64.sys. Siku zote nilidhani maandishi ya namna hiyo huwekwa kwa ajili ya wahandisi walioko Marekani, kumbe yalikuwa yakiniambia mimi. La kwanza lina maana kwamba Windows iliipa kazi kadi ya picha, ile sehemu inayochora tunachokiona kwenye kioo, ikaisubiri ijibu kwa muda uliowekwa, ambao kwa kawaida ni sekunde mbili, ikajaribu kuianzisha upya draiva yake, ikashindwa. La pili ni jina la draiva yenyewe, ile ya picha inayotengenezwa na Intel. Mashine ilikuwa imemtaja mkosaji kwa jina, na sisi tukabomoa nyumba nzima mara mbili huku tukimwacha yeye ndani.

Draiva, kwa asiyeifahamu, si dereva wa basi la Kondoa, ingawa jina ni moja na kazi zinakaribiana. Ni programu inayojua namna ya kuendesha kifaa kimoja: kuna ya picha, ya sauti, ya intaneti isiyotumia waya, ya printa, na bila hiyo Windows haijui kuzungumza na kifaa hicho. Programu ya kawaida ikikosea hufungwa yenyewe na nyingine zikaendelea na kazi zake. Draiva nyingi, kinyume chake, hufanya kazi katika kiini cha mfumo, mahali ambapo kosa moja halina ukuta wa kulizuia, na ndiyo sababu Windows huona heri isimamishe mashine yote kuliko kuacha data zilizo kwenye kumbukumbu ziharibike. Kioo cha bluu, ambacho katika matoleo mapya ya Windows 11 kimekuwa cheusi, ndicho tangazo la uamuzi huo.

Kijana aliandika perfmon /rel katika sehemu ya kutafutia, ikafunguka kalenda inayoonyesha siku ambazo mashine ilipata hitilafu, na alama nyekundu ya kwanza ilikuwa ya jioni ileile niliyoichukua kutoka kwa fundi. Kisha akashikilia kitufe cha Shift huku akichagua kuwasha upya, akaiingiza mashine katika hali salama, ambamo Windows huacha draiva zote zisizo za lazima na kutumia ile ya msingi ya picha. Tulifungua picha zote za Bonde la Ufa kwa muda wa saa nzima, na mashine haikutikisika. Kwa kipimo hicho tu, kisichohitaji fedha wala vifaa, tulipata sababu nzuri ya kuishuku draiva kwanza, kabla ya kuishuku kadi ya picha yenyewe.

Nilikuja kukumbuka kwamba fundi, baada ya kupiga Windows, alichomeka flashi yake na kuingiza draiva zote kwa mkupuo kutoka kwenye mkusanyiko anaoutumia kwa kila mashine. Naelewa kwa nini mafundi wanafanya hivyo, maana bando ni ghali na mteja amesimama mlangoni. Lakini draiva ya jumla si lazima ilingane na mashine fulani, kwa sababu watengenezaji wa kompyuta mpakato mara nyingi huirekebisha draiva ya picha kulingana na mashine zao. Kama mfumo usingekuwa umefutwa, huenda tungeweza kuirudisha draiva iliyotangulia kwa kitufe kimoja, kwani Windows huitunza moja ya nyuma kwa ajili ya siku kama hiyo. Kwa kuwa ilikwishafutwa, tulisoma namba ya modeli kwenye kibandiko kilicho chini ya mashine, tukapakua draiva yake kutoka tovuti ya mtengenezaji, tukazima intaneti ili Windows isituwahi kwa kuingiza nyingine, tukaiondoa mbovu pamoja na mafaili yake, kisha tukaweka iliyo sahihi. Tangu siku hiyo sijaiona bluu tena.

Uvivu wa kuwaka ulikuwa ugonjwa mwingine kabisa, na hapa ndipo ninapoona mafundi wetu wanakosea zaidi, kwa kuyatibu mawili kwa dawa moja. Ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha ukafungua ukurasa wa programu zinazowaka pamoja na mashine, Windows hukueleza ni ipi inayochelewesha sana na ipi kidogo. Kwenye yangu zilikuwamo programu mbili za kuzuia virusi, zote za fundi, kila moja ikikagua kila faili inayofunguliwa na kumkagua mwenzake, pamoja na programu ya kutafuta draiva mpya ambayo sikuiomba, na nyingine ya modemu ambayo sijawahi kuimiliki. Tuliziondoa, tukabakiza kinga inayokuja na Windows yenyewe. Muda ukapungua, ila si sana, kwa sababu diski ilikuwa ya zile za sahani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika, na hakuna draiva duniani itakayoifanya ikimbie kama SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Niliponunua SSD ya gigabaiti 240 na kuhamishia mfumo humo, mashine ikaanza kuwaka kabla sijafika jikoni.

Liko jambo moja dogo ambalo laiti lingejulikana, watu wengi wangeokoa nauli ya kwenda kwa fundi. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuzima mashine si kuzima kikamilifu. Kwenye mashine nyingi, unapoizima, Windows huweka kiini chake na draiva zake kwenye faili moja katika diski, na asubuhi huzisoma kutoka humo ili iwake haraka. Kwa hiyo draiva iliyolala ikiwa imechanganyikiwa huamka ikiwa imechanganyikiwa vilevile. Anayetaka mashine ianze upya kweli achague ile amri iliyoandikwa Restart. Mwenzangu wa ofisini alikuwa akiizima yake kila siku kwa wiki mbili akilalamika kwamba sauti haitoki, nikamwambia achague hiyo mara moja tu, na sauti ikatoka.

Sisemi kwamba kila kujizima ni draiva. Vumbi la mji huu halihitaji kuelezwa, hasa miezi ya kiangazi upepo unapovuma kutoka kila upande, na feni ya kompyuta hulivuta bila kuchagua. Mashine iliyopata joto kupita kiasi kwa kawaida hukatika ghafla kama taa iliyozimwa, bila bluu wala maandishi, na chini yake ukigusa unaungua. Hiyo hufunguliwa, hupulizwa vumbi na kubadilishwa mafuta yanayokaa juu ya prosesa, ule ubongo wa mashine. Fundi anayeweza kutofautisha kukatika huko na kioo chenye maandishi tayari amefanya sehemu kubwa ya kazi kabla ya kushika bisibisi.

Atakayedhani kwamba haya ni matatizo ya kompyuta za mtumba za walimu akumbuke tarehe 19 Julai 2024, ambapo kampuni ya CrowdStrike ilituma sasisho lenye kosa kwa programu yake ya ulinzi, faili hilo likasomwa na draiva inayofanya kazi ndani ya kiini, na kompyuta zinazokadiriwa na Microsoft kuwa milioni 8.5 zikageuka bluu kwa siku moja, zikiwamo za viwanja vya ndege na hospitali. Wahandisi wa mashirika hayo hawakupewa maelekezo ya kufuta mfumo mzima. Waliambiwa waiwashe mashine katika hali salama, waondoe faili lile moja, kisha waiwashe upya.

Ombi langu kwa mafundi ni kwamba, kabla hawajashika flashi, wasome kilichoandikwa kwenye kioo, wajaribu hali salama, na iwapo kupiga Windows kutakuwa hakuepukiki, maana wakati mwingine ni kweli hakuepukiki, wanakili kwanza mafaili ya mteja na kuandika kwenye risiti draiva walizoingiza na mahali walikozitoa. Nalisisitiza hili sasa kwa sababu Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na tayari nasikia mafundi wakiingiza Windows 11 kwa nguvu kwenye mashine kongwe zisizo na kifaa cha usalama cha TPM 2.0 kinachotakiwa, mashine ambazo watengenezaji wake wengi hawakuzitolea draiva za toleo hilo. Bluu, au nyeusi, zitaongezeka. Nasi wateja tukipige picha kioo kila kinapogeuka, na tuwe tayari kumlipa fundi kwa kupima, si kwa kufuta tu.

Alama za Kidato cha Pili bado nazinakili upya kutoka kwenye madaftari ya wanafunzi, mmoja baada ya mwingine, na hadi naandika barua hii nimefika katikati ya mkondo wa B.

Wako msomaji,
Mwalimu wa Jiografia,
Dodoma