Droni imezima angani? Usikimbilie kununua bodi mpya

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja alishuka kwenye bajaji mbele ya karakana yetu hapa Sinza, amekumbatia boksi la sabuni. Ndani mlikuwa na droni ya mota nne, mkono mmoja umevunjika na pangaboi mbili hazipo. "Fundi, Linux imenigandia angani," akasema. Bei ya bodi mpya alikuwa ameshaiulizia. Tukamwambia kaa kwanza, hiyo hela usiitoe.

Ubongo wa droni yake ni Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, iliyobebeshwa bodi nyingine iitwayo Navio2. Bodi ya juu ina vihisi vya mwendo, barometa inayokadiria urefu kwa kupima shinikizo la hewa, na kipokezi cha GPS. Pi ya chini inaendesha Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, na ndani ya Linux kuna ArduPilot, programu inayorusha chombo chenyewe. Watu wanaupenda mpango huu kwa sababu kompyuta ileile inayorusha ndiyo unayoiandikia programu yako ya Python isome picha za kamera au itume data kwa Wi-Fi. Hubebi kompyuta ya pili.

Tulichomoa memori kadi tukafungua rekodi ya safari. Mstari wa mwisho unasema droni iko mita 38 juu, betri bado ina nguvu, mota zinazunguka vizuri. Baada ya hapo, kimya. Hakuna kuyumba, hakuna kushuka, wala kugonga chini. Rekodi ikikatika hivyo droni ikiwa bado juu, sisi mshukiwa wetu wa kwanza ni umeme. Kompyuta ilizimika kabla droni haijaanguka.

Basi tukaunga mkono uliovunjika, tukafunga pangaboi nyingine, tukaifungia droni mezani kwa kamba na viroba viwili vya mchanga. Bila pangaboi mota hazili umeme wa maana, kwa hiyo jaribio la namna hiyo linakudanganya. (Nyumbani usifanye hivi watoto wakiwa karibu. Pangaboi haina huruma na vidole.) Pi inataka volti 5. Ikishuka chini ya takriban 4.63 huanza kulalamika. Mota zikiwa zimelala, mita yetu ilisoma 4.9. Tukapandisha mota: 4.7. Kijana akawasha kamera yake ya USB irekodi, mita ikashuka hadi 4.4, na taa ya kijani ya Pi ikaanza kupepesa kama ndiyo kwanza imewashwa. Imejiwasha upya mbele ya macho yake. Mezani unasubiri iwake tena huku unakunywa chai. Angani hakuna wa kukusubiri.

Mkosaji alikuwa waya. Umeme wa Pi ulipitia waya wa kuchajia simu, mwembamba, mrefu kupita kiasi, ukazungushwa mara tatu kwenye mguu wa droni ili usining'inie. Tuliukata, tukaweka kipunguza volti chenye uwezo wa kutosha, waya mnene na mfupi, na kamera ikapata njia yake ya umeme. Bodi ni ileile, anarusha mpaka leo.

Ukitaka kujichunguza mwenyewe, andika vcgencmd get_throttled kwenye Pi kabla hujaizima. Jibu la 0x0 ni zuri. Ukiona 0x50000, umeme umewahi kushuka tangu ulipoiwasha, na kompyuta ikapunguza kasi kujinusuru. Ukishaizima, ushahidi unafutika.

Sasa, je, Linux haina kosa kabisa? Inalo moja, na tunalisema wazi hata tunapouza. ArduPilot ya droni ya mota nne hupiga hesabu mara 400 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 2.5. Linux ya kawaida ilitengenezwa igawe zamu kwa programu nyingi, haikuahidi kwamba zamu ya mmoja haitachelewa. Ndiyo maana bodi hizi hutumia keneli (kiini cha Linux) yenye viraka vya PREEMPT_RT, yaani marekebisho ya kuifanya itoe zamu kwa wakati, ambavyo viliingia rasmi kwenye Linux toleo la 6.12 mwaka 2024. Tena Navio2 ina kichakataji kidogo pembeni kinachopeleka ishara kwa mota na kupokea rimoti, ili kazi hiyo isiingie kwenye foleni ya Pi. Mteja anayefuta mfumo wa bodi na kuweka wa Pi alioupakua popote, halafu akaona droni inatetemeka, amejiletea mwenyewe.

Memori kadi nayo ni mgonjwa wetu wa kila wiki. Unatua, unachomoa betri palepale, huku Linux bado inaandika. Siku moja haiwaki. Zima kwa amri ya poweroff kwanza, ndipo uguse betri. Na ile barometa iweke sponji: jua la saa sita la Dar likiipiga moja kwa moja, droni hupanda na kushuka kama mlevi, nawe utabaki unahangaikia mipangilio.

Kama kazi yako ni kupima mashamba tu, kwenda na kurudi kwenye mstari, usinunue kompyuta ya Linux kwetu. Bodi ya aina ya Pixhawk, ya kurushia tu bila Linux, inatosha na haina mambo mengi. Ukitaka akili ya kamera baadaye, utaiunganisha na Pi kwa MAVLink, lugha ya mawasiliano ya droni. Kwa roboti ya magurudumu, BeagleBone Blue, nayo kompyuta ndogo ya Linux, bado tunaipenda: inaendesha mota na servo (mota ndogo za kugeuza kwa pembe) moja kwa moja, na inachaji betri ya seli mbili. Ikizimika, roboti inasimama tu.

Ukituletea droni iliyoanguka, ije na betri ileile, kamera ileile na memori kadi ambayo hujaifuta. Kibali cha TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, ni juu yako, maana baada ya matengenezo tunajaribu nje. Na waya ule wa kuchajia usiuache nyumbani kwa aibu. Njoo nao.