Si mundu, ni fyekeo lililofutwa vidole

Ndugu Mhariri,

Chini ya mchoro wa Winslow Homer, mchoraji wa Marekani, wa mwaka 1865, ule wa askari aliyerudi shambani baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mmeandika kwamba anavuna ngano "kwa mundu". Mundu hushikwa kwa mkono mmoja, na mvunaji huinama. Huyu amesimama, mikono yote miwili ipo kwenye mpini mrefu. Ni fyekeo, ila si lile bapa letu la kufyekea nyasi.

Tena ni fyekeo lenye walakini. Ngano wakati ule ilikatwa kwa fyekeo lililofungiwa kichanja cha mbao chenye vidole 4 au 5 virefu, vilivyopinda kufuata wembe. Mkataji akizungusha, mabua huangukia vidoleni. Mwisho wa mzunguko huinamisha kichanja, mabua yakalala mstari mmoja, masuke yote upande mmoja. Mfungaji anayemfuata hukumbatia fungu, hulifunga kwa mabua yaleyale, mganda tayari. Mtu mmoja aliweza ekari 2 hadi 3 kwa siku. Wembe mtupu unafaa nyasi. Ukiutia kwenye ngano, mabua huanguka shaghalabaghala, masuke yakabanana, na yaliyokauka sana yakapukutisha punje chini. Mfungaji atakulaani.

Homer alilijua hilo, kwani kwanza alichora kichanja, kisha akakifunika kwa rangi. Rangi ya mafuta huzidi kupitisha mwanga kadiri miaka inavyopita, na leo vidole vinaonekana kwa mbali ukisogea karibu na turubai, iliyopo makumbusho ya Metropolitan, New York. Wembe ukibaki peke yake, mtazamaji wa kule humkumbuka Kifo, ambacho wachoraji wa Ulaya hukichora kama mifupa iliyoshika fyekeo. Na vifo vilikuwa bado vibichi: Jenerali Lee wa jeshi la Kusini alisalimu amri tarehe 9 Aprili mwaka huohuo, na Rais Lincoln akapigwa risasi siku 5 baadaye. Kwa maoni yetu Homer alikosea kilimo kwa makusudi, na alifanya vyema.

Jambo la pili: mmekata kona ya chini kulia. Hapo ndipo lilipo koti la jeshi na chupa ya maji, vitu pekee vinavyoonyesha kuwa huyu alikuwa askari. Bila kona hiyo ni mkulima tu aliyetugeuzia mgongo. Turubai lenyewe ni sentimita 61 kwa 97 hivi. Likipunguzwa linatosha kabisa kwenye safu tatu za gazeti bila kukatwa.

Wasomaji wenu