Safari ya jahazi Jumamosi: naomba majibu

Assalaam aleikum ndugu na jamaa,

Mwaka jana watoto wadogo walifurahi, lakini hawa wa miaka 10 hadi 17 walikaa na simu mpaka tukarudi. Iliniuma. Safari hii nimechagua jahazi kwa kuwafikiria wao kwanza.

Nahodha amekubali washike usukani kwa zamu na wasaidie kupandisha tanga. Tutaanza Takwa, magofu ya mji wa kale kisiwani Manda, tuwaonyeshe msikiti wa Ijumaa na kaburi la mnara. Mji ule ulihamwa karne ya 17 na wengi wao hawajaukanyaga. Mkono wa bahari wa kuingia Takwa haupitiki maji yakitoka, kwa hivyo tafadhali tusichelewe. Kisha kisiwa kidogo cha Manda Toto: kupiga mbizi kwa miwani, kuvua kwa mshipi, na mpira ufuoni kwa wasiopenda maji.

1. Tukutane gatini Lamu Jumamosi saa 12:30 asubuhi. Tunang'oa nanga saa 1 kamili.
2. Mchango: mkubwa shilingi 1,500, mtoto 1,000. Chakula na kiingilio cha Takwa vimo. Mtumieni mweka hazina kabla ya Jumatano jioni.
3. Kila mtoto atavaa jaketi la kuokolea, hata anayejua kuogelea. Hapa sitalegeza.
4. Mahamri ya asubuhi, nani atajitolea?

Andikeni hapa leo: jina la nyumba, idadi ya wakubwa, umri wa kila mtoto, na nani hajui kuogelea. Jaketi naagiza kesho kwa idadi hiyo.