Kidumbak nacho kipandishwe jukwaani

Mhariri,

Sherehe za kitaifa zikikaribia hapa Unguja, taarab ndiyo inayotajwa kuwa kitambulisho cha Mzanzibari. Hatulipingi hilo. Kikundi cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905, na mwimbaji Siti binti Saad wa Fumba alikwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi santuri kwa Kiswahili. Kinachotuuma ni kidumbak, muziki wa ngoma ndogo, fidla na sanduku, unaochezwa maharusini mjini na shamba, kuachwa nyuma. Na kikiitwa, sehemu ya sanduku (besi yetu ya uzi mmoja) na ngoma hupewa kinanda cha umeme.

Kinanda hakikiwezi kidumbak. Mdundo wake umepangwa tangu mwanzo, ilhali kwenye kidumbak nyimbo huunganishwa bila kusita na mwendo hukazwa kadiri wachezaji wanavyopamba moto. Tena sauti ya sanduku huteleza, haidondoki hatua kwa hatua.

Na sanduku lenyewe halina gharama. Ni boksi la mbao nyepesi lililopinduliwa, uzi mmoja na fimbo. Uzi hupitishwa kwenye tundu katikati, ukafungwa kwa ndani kwenye kipande cha mti. Ukifungwa fundo tupu, siku moja ya kuvutwa kwa nguvu utapasua mbao. Ncha ya pili hufungwa juu ya fimbo iliyosimamishwa ukingoni. Ukiivuta fimbo nyuma, uzi hukaza na sauti hupanda. Wanaoanza hulilaza boksi lote juu ya saruji, likawa bubu. Liinuliwe upande mmoja kwa jiwe, sauti ipate pa kutokea.

Vidumbak viwili, yaani zile ngoma ndogo zenyewe, hupigwa na mtu mmoja, kimoja cha sauti nyembamba, kingine cha sauti nzito. Masika ngozi hunywa unyevu ikalegea, kwa hiyo huotwa moto. Kidumbak kisogezwe mbali kidogo na moto na kizungushwe, kwani ngozi ikikauka ghafla hupasuka. Gonga katikati na ukingoni; sauti mbili zikishaachana, tosha. Mkwasa ni vijiti vya kugonganisha, cherewa ni vifuu vya kutikisa. Cha kununua dukani ni fidla tu, na nyuzi zake.

Basi tunawaomba wanaopanga ratiba za sherehe wakipe kidumbak kamili angalau nusu saa, ngoma zikiwa na maikrofoni zao, na sanduku likiwa na yake peke yake. Skuli za Unguja na Pemba nazo ziwape wanafunzi kazi ya kulitengeneza sanduku wenyewe, na mafundi wazee walipwe kuja kuwafundisha wakati bado wapo.

Wapigaji na wapenzi wa kidumbak,
Unguja