Mhariri, habari yenu ya ubongo imetuuzia unga

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu marehemu mume wangu alipokuwa akilileta nyumbani, na siku zote nimenyamaza. Ile habari ya kusahau kwenye ukurasa wa afya imenishinda.

Mwandishi wako alianza vizuri. Alitaja TREM2, kipokezi (kama antena ya kupokea ishara) kilicho juu ya mikroglia, seli za kinga zinazoishi ndani ya ubongo na kula taka zake. Ni kweli, mwaka 2013 watafiti walionyesha kuwa wenye hitilafu fulani ya nadra katika jeni ya kipokezi hicho wako hatarini zaidi kupata Alzheimer, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Kutoka hapo akarukia "tuongeze kinga". Nani kamwambia?

Wifi yangu aliisoma, akaja na kopo la unga wa kijani wa kuongeza kinga, gazeti kalikunja pale pale. Mamamkwe, ambaye siku hizi ananiita kwa jina la dada yake, akakorogewa kwenye uji. Nusu aliutemea kanga yangu, nusu ukamharisha usiku kucha. Wifi akasema huo ni uchafu unatoka! Pesa ya kopo ilikuwa ya nepi za mamamkwe. Kama kinga nyingi ndiyo uzima, mbona kuna ugonjwa wa multipo sklerosisi, ambapo seli za kinga zenyewe huvamia ubongo na uti wa mgongo na kuharibu utando wa neva? Huko dawa iitwayo natalizumab hufanya kinyume: huziba kipokezi ambacho seli hizo hukitumia kujishika kwenye ukuta wa mshipa ili zipenye ubongoni. Nayo iliondolewa sokoni mwaka 2005, baada ya wagonjwa wachache kupata maambukizi mabaya ya ubongo, ikarudi 2006 kwa masharti makali. Hata dawa ya kuiamsha TREM2 imejaribiwa kwa wagonjwa wa Alzheimer. Matokeo ya 2024 yalionyesha haikupunguza kasi ya ugonjwa. Sasa unga wa kopo utaweza?

Na wale wa vipaza sauti stendi, kopo hilo hilo linatibu bawasiri, kisukari na mikosi ya ndoa. Hakuna anayewauliza.

Mtume mwandishi wako kwangu saa kumi na moja jioni, bibi anapoanza kudai arudishwe kwao Pangani, amweleze yeye hayo ya kinga. Akishindwa, tangazo la ule unga lihamishieni ukurasa wa tanzia, tujue moja.

Mkwe aliyechoka,
Tanga